Nani anaiona skrini ya wakala wako?

MFANYABIASHARA anayevusha mzigo Namanga, Rusumo, Malaba au Mutukula humkabidhi wakala wake wa forodha ankara, orodha ya mzigo, jina la aliyemuuzia na bei aliyonunulia. Wakala huyaingiza yote hayo kwenye kompyuta. Kuanzia hapo siri ya biashara yako haimo tena mfukoni mwako, imo kwenye skrini ya mtu mwingine. Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: skrini hiyo inaonwa na nani?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Aliyeiona ni yule aliyekaa mbele yake, au aliyechungulia begani kwake. Leo mtu aliye chumba cha pili, mji wa pili au nchi ya pili anaweza kuiona skrini hiyohiyo, herufi kwa herufi inavyoandikwa. Akipewa nafasi, anaweza hata kusogeza kipanya na kuandika yeye mwenyewe.

Teknolojia hii si ngeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa maabara moja mjini Cambridge, Uingereza, walitengeneza VNC, programu inayochukua yaliyo kwenye skrini moja na kuyapeleka kwenye nyingine kupitia mtandao. Hailazimiki kutuma picha nzima kila mara, bali sehemu iliyobadilika tu. Baadaye zikaja nyingine, zikiwemo TeamViewer na AnyDesk za Ujerumani. Kwa hizo, anayetaka kuiona kompyuta yako anahitaji namba yake, kisha wewe uliye mbele yake ubonyeze kukubali, au yeye awe na nenosiri lililowekwa.

Faida yake

Darasani faida inaonekana upesi. Mwalimu wa kompyuta mwenye wanafunzi 40 hawezi kusimama nyuma ya kila mmoja. Kwa programu kama Veyon, inayopatikana bure, huona skrini zote kwa pamoja zikiwa picha ndogondogo. Akimwona aliyekwama humsaidia bila kunyanyuka. Akitaka wote wamsikilize, hufunga skrini zao kwa muda au huwaonyesha ya kwake.

Kwa mpakani, faida hiyo inagusa mfuko moja kwa moja. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Kigali au Kampala ulioshukia Dar es Salaam au Mombasa hutolewa tamko katika nchi unakokwenda, na kodi hulipwa kabla haujaondoka bandarini. Kwa hiyo mawakala walio mbalimbali hushughulikia kazi moja. Wakiangalia skrini moja kabla ya kuwasilisha tamko, kosa la uzito au la namba ya kontena huonekana mapema, kabla lori halijaegeshwa kwa siku kadhaa likisubiri marekebisho.

Jicho likivuka mpaka

Tatizo huanza pale anayetazamwa anapokuwa hajui. Mwaka 2010, shule za Lower Merion katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, zilishtakiwa kwa sababu ya kompyuta za mkononi zilizowapa wanafunzi wao. Programu iliyowekwa ili kuzitafuta zikiibwa ilikuwa ikipiga picha kwa kamera na kunakili skrini, hata kompyuta zikiwa nyumbani kwa wanafunzi. Wazazi hawakuwa wameambiwa. Mwaka huohuo mamlaka ya shule hizo ilikubali kulipa dola 610,000 ili kuyamaliza.

Makazini nako yametokea. Nchini Romania, mfanyakazi wa kitengo cha mauzo alifukuzwa mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma mawasiliano yake kwenye kompyuta ya kazini. Miaka 10 baadaye, Septemba 2017, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba faragha yake haikulindwa. Mahakama haikusema mwajiri hana haki ya kusimamia kazi. Ilitaka kujua kama mfanyakazi aliambiwa mapema, kama kulikuwa na sababu ya msingi, na kama hapakuwa na njia nyingine isiyoingilia faragha kiasi hicho.

Maswali hayo yanatufaa na sisi. Sheria nazo zipo: Kenya na Uganda zilitunga za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Msingi wao unafanana: anayekusanya taarifa zako akwambie sababu, achukue zinazohitajika tu, na azilinde.

Mwizi aliyepewa ufunguo

Hatari iliyo karibu zaidi na mfanyabiashara ni ya simu inayoita ghafla. Anayepiga hujitambulisha kuwa ni wa benki au wa mamlaka ya mapato, anasema akaunti yako ina hitilafu, kisha anakuelekeza uweke programu na umsomee namba inayotokea. Programu yenyewe ni halali na ndiyo inayotumiwa na mafundi wa kweli. Lakini ukishamsomea namba na kubonyeza kukubali, anaona salio lako, ujumbe wa namba ya siri unaoingia, na kila unachoandika. Hakuvunja mlango; ulimfungulia. Fundi unayemwita ni wewe uliyempigia. Aliyekupigia yeye kwanza, kata simu, kisha piga namba ya benki unayoijua.

Usidhani hasara itakuwa ya wakala peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamhesabu mwenye mali kuwa anawajibika kwa matamko ya wakala aliyempa idhini. Mtu akichezea tamko lako kupitia skrini iliyoachwa wazi, jina litakaloulizwa ni lako.

Ya kuuliza kabla ya kukabidhi hati

Kwanza, muulize wakala: ukiacha wewe, nani mwingine anaweza kuiona kompyuta hii, na kwa kazi gani? Wakala makini atakujibu bila kukasirika. Asiyejua nani anaingia kwenye kompyuta yake hajui nani anazo bei zako.

Pili, uliza kama kuna nenosiri la kudumu. Fundi akishamaliza kazi, ruhusa yake nayo iishe. Ile inayomwezesha kuingia wakati wowote bila mtu kubonyeza kukubali ni ufunguo wa ofisi ulioachwa mikononi mwa mtu.

Tatu, unapoonyesha skrini yako wewe, funga kwanza benki, barua pepe na mazungumzo ya wateja. Programu nyingi hukuruhusu kuonyesha dirisha moja tu badala ya skrini nzima. Tumia nafasi hiyo.

Nne, kwenye kompyuta ya kukodi, usifungue akaunti ya benki wala ya kodi. Huwezi kujua ni programu gani imewekwa humo.

Tano, ukishuku kuna anayekutazama, kata intaneti kwanza. Bila mtandao hawezi kuendelea kukuona. Kisha piga benki kwa simu nyingine, na ubadilishe nenosiri ukitumia kifaa kingine.

Na wewe mwenye duka au ghala uliyeajiri makarani, kanuni ni ileile. Ukitaka kuona skrini zao, waandikie: utaona nini, saa ngapi, kwa sababu gani. Karani aliyeambiwa hufanya kazi kwa utulivu. Asiyeambiwa, siku akigundua, huenda akaondoka, na majina ya wateja wako akaenda nayo.

Mpakani hakuna anayemruhusu mtu asiyemjua kufungua turubai la lori lake na kuhesabu mzigo. Skrini ya wakala inaonyesha zaidi ya turubai linavyoficha: kiasi, bei, uliponunua na unakopeleka. Ustahili uangalizi uleule, na swali la kuanzia halina gharama yoyote.