Nani anapima kipimo? Bariere ndani ya programu na namna ya kuijaribu

Wandugu, kila nikizungumza mambo ya ordinatere kuna swali linalorudi: "Wewe agronome, dibaga inakuhusu nini?" Jibu ni fupi. Sisi wa agronomi tunafundishwa mapema kwamba kipimo kisichopimwa hakiaminiki. Mbele ya kupima mavuno, unaweka kwenye mizani kilo moja unayoijua. Mbele ya kugawa mbegu, unaotesha mia moja na kuhesabu ngapi zimeota. Dibaga nayo ni mizani ya mwenye kuandika programu. Sasa nani anaipima dibaga yenyewe?

Dibaga ni kitu gani?

Programu ikitoa jibu baya, unahitaji kuisimamisha katikati ya njia na kuangalia imebeba nini. Dibaga njo programu inayosimamisha programu ingine. Pahali unapotaka isimame unaweka alama. Wataalamu wanasema brekipointi, mimi nitasema bariere, juu hapa kwetu hakuna asiyeijua.

Waza gari linalotoka Butembo kwenda Beni, kilometa kama 54. Unaweza kuweka bariere ya kusimamisha kila gari. Unaweza kuweka yenye sharti, isimamishe kamyo tu. Unaweza kuweka ya mara moja, ikishasimamisha gari inaondoka. Ao unaiambia iache magari 9 yapite, isimamishe la 10. Dibaga iko na hizi zote.

Ndani yake inafanya nini?

Kwenye Linux dibaga inayojulikana sana ni GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986. Kwa mashini zenye prosesa ya Intel ao AMD, kazi inaenda hivi:

1. Dibaga inaingia ndani ya memori ya programu, inachukua baiti ya kwanza ya amri unayotaka, inaiweka pembeni.
2. Pahali pake inaandika baiti CC, maana yake "simama".
3. Prosesa ikifika pale inasimama, na Linux inaijulisha dibaga.
4. Ukisema "endelea", dibaga inarudisha baiti ya zamani, inarudisha prosesa nyuma baiti moja (juu ilishapita CC), inatembeza amri ile moja peke yake, kisha inaandika CC tena. Hapo programu inaendelea na safari.

Hatua ya 4 njo yenye hatari. Dibaga isiporudi nyuma baiti moja, programu itasoma amri toka katikati, sawa na mtu anayesoma "shamba" akianzia "hamba". Isiporudisha CC, bariere itafanya kazi mara moja tu na wewe hutajua.

Kuna mbaya zaidi: programu yenye nyuzi nyingi zinazokimbia pamoja. Wakati dibaga inainua kamba ili uzi mmoja upite, mwingine unaweza kupita bila kusimamishwa, kama motari anayejipenyeza nyuma ya kamyo. GDB inajikinga kwa njia mbili: inasimamisha nyuzi zingine zote kwa muda ule, ao inatembeza nakala ya amri pahali pengine ili kamba isiinuke kabisa.

Kuijaribu bila mtu kukaa mbele ya mashini

Mambo yote haya hayawezi kuchunguzwa kwa macho kila mara mtu anapogusa msimbo wa GDB. Njo maana GDB inajaribiwa na DejaGnu, iliyojengwa juu ya Expect, kazi ya Don Libes wa NIST, Marekani, mwaka 1990. Expect inajifanya mtu: inaandika amri, inangoja jibu, inalinganisha na jibu linalotazamiwa. Skripti moja inaitwa break.exp. Inatumia programu ndogo ya C inayohesabu faktoriali, inaweka bariere na kuona kama zinashika.

Jaribio zuri la bariere linauliza maswali matatu. Je, programu imesimama pahali penyewe? Je, imepita bila kusimama pale isipopaswa kusimama? Je, mwishoni imetoa jibu lile lile inalotoa bila dibaga? Faktoriali ya 6 ni 720, na iwe 720 hata ukiweka bariere kumi.

Swali la pili wengi wanalisahau. Bariere inayosimamisha kila kitu itafaulu kwa swali la kwanza na bado ni mbovu. Ni sawa na kusifu mbolea bila kuwa na parcelle témoin.

FAIL, na UNRESOLVED

DejaGnu haijibu ndiyo na hapana tu. Iko na PASS na FAIL, lakini pia KFAIL (kosa lilishajulikana), UNSUPPORTED (mashini hii haina uwezo ule) na UNRESOLVED (jaribio halikufikia jibu). UNRESOLVED haiko PASS.

Sisi wa Beni na Butembo tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Wakati wa Ebola, toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, watu 2287 walikufa. Kwenye labo, mashini ya GeneXpert ilikuwa na kontrole ndani ya kila katuni. Kontrole ikishindwa, mashini haisemi "huna Ebola". Inasema kipimo hakikufaa, kirudiwe. Ukichanganya majibu hayo mawili, mgonjwa anarudi nyumbani kwa watoto.

Kwa programu hatari ni ndogo, lakini iko. Skripti ya kugawa mbolea ao ya kulipa wakulima wa kakao ikihesabu vibaya, na dibaga ikakudanganya, utabadilisha mstari usio na kosa na kuacha ule wenye kosa. Nayo betri ya saa mbili imeisha.

Fanya mwenyewe

Zoezi hili halihitaji intaneti kama GDB ilishaingia kwenye mashini. Andika programu ya C inayojumlisha 1 mpaka 10. Weka bariere kwenye mstari wa kujumlisha, na sharti i == 7. Andika amri zako ndani ya fishie amri.txt, kisha endesha `gdb -batch -x amri.txt ./programu`. Unatazamia isimame mara moja tu, i ikiwa 7 na jumla ikiwa 21 (ile 7 haijaingia bado), kisha mwishoni 55.

Ukipata hayo, badilisha sharti liwe i == 70 na uendeshe tena. Sasa jaribio lako linapaswa kulia. Kama halilii, basi halikuwa linapima kitu, hata ile mara ya kwanza ulipofurahi.