Ubeti kwenye Skrini ya Maandishi Matupu

Programu ya troff, iliyoandikwa na Joe Ossanna wa Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970, hupanga maandishi kwa ajili ya mashine ya chapa. Nduguye, nroff, husoma faili lile lile na kulionyesha kwenye terminali. Huko kila herufi hupewa nafasi sawa, i kama m, na mstari kwa kawaida hauzidi nafasi 80. Herufi za mlazo hupigiwa mstari chini. Tofauti za ukubwa hupotea.

Kwetu walimu wa Kiswahili, ukataji wa maneno kwa kanuni za Kiingereza huzuiwa kwa amri .nh. Ushairi ndio wenye shida zaidi. Programu hujaza mistari, hivyo mishororo minne ya tarbia huunganishwa ikawa aya ya nathari. Tuliwahi kuwawekea wanafunzi ubeti wa namna hiyo, kisha tukawalaumu kwa kutoona vina vya kati na vya mwisho! Dawa ni kuandika .nf kabla ya ubeti na .fi baada yake, kila amri kwenye mstari wake, nukta ikianzia ukingoni kabisa.