Mwalimu Aliyetunga Sauti ya Wimbo Wetu wa Taifa

Leo tutasoma habari za mtu ambaye kazi yake mnaijua kwa moyo, lakini jina lake labda hamjapata kulisikia. Ndiye aliyetunga sauti ya "Mungu Ibariki Afrika".

Aliitwa Enoch Sontonga. Alizaliwa mwaka 1873 hivi, Afrika Kusini, katika mji uliokuwa ukiitwa Uitenhage. Alisomea ualimu katika chuo cha Lovedale, kisha akafundisha shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, mji wa machimbo ya dhahabu. Tena alikuwa mwalimu wa kwaya na mpiga picha.

Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo za dini, akaziandika kwa mkono katika daftari kwa tonika solfa. Tonika solfa ni namna ya kuandika sauti kwa herufi: do huandikwa d, re huandikwa r, mi huandikwa m, na kuendelea hivyo. Ajuaye herufi hizo aweza kuimba wimbo ambao hajapata kuusikia. Mwulizeni mwalimu yeyote wa kwaya, atawaonyesha.

Mwaka 1897 Sontonga akatunga, kwa Kixhosa, ubeti wa kwanza na kiitikio cha "Nkosi Sikelel' iAfrika", yaani Bwana, ibariki Afrika. Ulikuwa wimbo wa sala. Mwaka 1899 ukaimbwa mbele ya watu, mchungaji mmoja alipowekewa mikono. Sontonga akafa mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka kama 32.

Wimbo haukufa naye. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje akautia katika sahani ya santuri huko London. Mwaka 1927 zikachapishwa beti nyingine alizoziongeza mshairi Mqhayi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti ile ikaimbwa kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo ikaichukua mwaka 1964.

Na lile daftari? Limepotea. Nyimbo nyingine za mwalimu huyu hazikupata bahati ya kwenda mbali kama huu mmoja, na mimi naona hasara hiyo ni kubwa.

Hata kaburi lake halikujulikana kwa miaka mingi. Watu walitafuta jina la Sontonga katika orodha ya makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, wasilione. Kumbe aliandikwa "Enoch" tu! Liligunduliwa katika miaka ya 1990, na mwaka 1996 Rais Mandela akazindua mnara wa ukumbusho mahali pale.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: Enoch Sontonga. Chini yake, kila mmoja aandike jina lake mwenyewe, la baba yake na la ukoo.