Michezo ya pamoja kwa vijana wa kazi Lubumbashi

Michezo ya pamoja nje ya ofisi huwakutanisha wafanyakazi bila meza, simu wala cheo. Kwa Lubumbashi si jambo geni: kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilisimamia hata starehe za wafanyakazi wake, mpira ukiwa mbele, ingawa nia haikuwa furaha yao peke yake. Leo vijana wanaohitimu kampasi ya Kasapa, ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, huingia migodini, benki na maofisini, ambako siku ya kazi mara nyingi hurefuka. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Kwa wanaochoshwa na saa hizo, michezo kama kuvuta kamba au kutembea porini wakati wa kiangazi hulegeza mwili na kuwazoesha watu kuaminiana. Lakini michezo ya lazima Jumapili, siku ya ibada, ni kazi nyingine tu. Ipangwe ndani ya saa za kazi, na mkubwa naye ashike kamba.