Viraka vya Leja na Dirisha la Dawa

Chuo cha Serikali za Mitaa kilichopo Hombolo, mkoani Dodoma, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na miongoni mwa mafunzo yake ni uhasibu wa halmashauri. Wahitimu huenda kuketi katika ofisi asizoziona mgonjwa, ingawa fedha za dawa yake hupitia humo. Ndiyo maana jarida la tiba lina sababu ya kuzungumzia leja.

Kwa miaka mingi halmashauri zilitumia programu ya Epicor. Mwaka 2017, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilipoanza kutumwa moja kwa moja vituoni, zahanati na vituo vya afya vikapewa mfumo wao wa hesabu, FFARS. Baadaye MUSE ikashika nafasi ya Epicor.

Programu ya uhasibu ni kama nguo ya dukani: haivaliwi bila kupunguzwa hapa na kuongezwa pale. Mmoja huongeza kasma, mwingine ripoti, mwingine hatua ya idhini. Miaka ikipita, aliyeshona kiraka amehamishwa, na hakuna ajuaye kilifunika tundu gani.

Dodoma ina mfano mzuri. Mwaka 2014 mkoa huu ulianzisha Jazia: kituo kikikosa dawa Bohari ya Dawa, hununua kwa mshitiri aliyeteuliwa na mkoa. Manunuzi hayo yanahitaji njia yake katika vitabu, pamoja na uthibitisho kwamba Bohari haikuwa na dawa hiyo. Mfumo mpya usipoitambua njia hiyo, hati ya malipo hukwama, na mshitiri asiyelipwa huacha kuleta.

Zito zaidi ni msamaha. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe malipo wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Alama yao ikipotea wakati wa kuhamisha kumbukumbu, mtoto mchanga ataonekana mdaiwa. Kompyuta haitalalamika, hesabu zitalingana vizuri kabisa.

Kwa hiyo kazi haianzi kwa fundi wa programu. Inaanza kwa kuorodhesha viraka vyote na kuuliza kila kimoja kinatumiwa na nani. Kinachodaiwa na sheria au sera kihamishwe kwanza. Ripoti isiyosomwa na mtu iachwe. Kwa maoni yangu, hizo ni nyingi kuliko tunavyokubali. Kisha mifumo miwili iendeshwe sambamba kwa mwezi mmoja, kwa stakabadhi halisi, na salio lilinganishwe kabla ya Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa.

Mganga mfawidhi na muuguzi waitwe katika jaribio hilo. Wapeleke mambo matatu ya kweli: mjamzito asiyelipa, mwanachama wa bima, na ununuzi mmoja wa Jazia. Mfumo ukishindwa hata kwa moja, tarehe ya kuzima ule wa zamani isogezwe mbele.