Fahamu: Picha moja ilivyorudisha kigango nyumbani

Makumbusho yanaposema yanafuatilia asili ya kifaa, swali lao ni hili: kilitoka mkononi mwa nani, lini, na je, mwenyewe aliridhia? Kwenye kadi za zamani mara nyingi utakuta "Afrika Mashariki" na jina la aliyekitoa zawadi, basi. Kadi kama hiyo inamhusu aliyekitoa, si mwenyewe wa asili.

Chukua vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, nguzo za mbao zilizochongwa kuwaenzi wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, wala hakiuzwi. Hata hivyo vimeibwa kwa mamia na kuishia Marekani.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, kimoja kikaonekana Illinois State Museum, kingine Hampton University. Nakshi zilipolinganishwa na ile picha, haikubaki shaka kwamba ndivyo vilivyoibwa. Kigango cha Illinois kilirejeshwa kijijini mwaka 2007. Vingi vilivyobaki ughaibuni havina picha ya namna hiyo.