Mbwa Wenu Jike Amepevuka? Tujue Dalili za Joto na za Mimba

Familia nyingi, mjini na vijijini, hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Huletwa nyumbani akiwa mdogo, watoto humpa jina, na kila jioni hupata ugali wake na dagaa. Akiwa jike, wengi wetu hatufikirii zaidi ya hapo, mpaka asubuhi moja tunapokuta madume wanne au watano wamelala mbele ya lango. Miezi miwili baadaye kuna watoto saba nyuma ya banda la kuku, na mama yao bado tunamwona kama mtoto.

Akina mama wengi huuliza: Nitajuaje kwamba mbwa wangu ameingia kwenye joto? Na kama amekwisha kutoroka, nitajuaje kama ana mimba? Maswali haya ni ya maana, kwa sababu majibu yake yanahusu afya ya mnyama huyo, na pia usalama wa watoto wetu. Tuyatazame moja baada ya jingine.

UMRI WA KUPEVUKA

Mbwa jike wengi huingia kwenye joto mara ya kwanza wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 12. Mbwa wa umbo dogo huwahi, na wale wakubwa sana huweza kuchelewa hadi mwaka mmoja na nusu au hata miwili. Maana yake ni kwamba mbwa anaweza kushika mimba kabla mwili wake haujamaliza kukua.

Baada ya hapo joto hurudi kila baada ya miezi sita au saba hivi, ingawa wapo wanaotofautiana. Basenji, yule mbwa mwenye asili ya Kongo asiyebweka kama wengine, kwa kawaida huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka.

DAMU ILE SI HEDHI

Hapa ndipo sisi wanawake tunapokosea kwa urahisi, kwa sababu tunampima mbwa kwa miili yetu. Mwanamke akipata hedhi hujua kwamba mimba haikutunga. Kwa mbwa mambo ni kinyume. Damu yake hutangulia siku za kushika mimba. Anayemwona mbwa ameacha kutoka damu na kusema, "Sasa amemaliza, mfungulieni," huwa amemfungulia siku ile ile ya hatari.

Joto lina vipindi viwili ambavyo yatupasa kuvitofautisha.

Kipindi cha kwanza huchukua siku 9 hivi. Sehemu ya uke huvimba na damu hutoka kidogo kidogo. Mbwa hujilamba mara kwa mara, hukojoa kila mahali, na huenda akawa na wasiwasi au akawa mkaidi. Madume huanza kumfuata, lakini yeye huwafokea, huketi chini au huwakimbia.

Kipindi cha pili nacho huchukua siku 9 hivi, na ndicho cha kushika mimba. Damu hupungua, hugeuka kuwa nyepesi kama maji yaliyooshea nyama, au huwa na rangi ya majani makavu. Uvimbe wa uke hulainika. Ukimgusa mgongoni karibu na mkia, husimama tuli na kuupeleka mkia pembeni. Sasa hawafukuzi madume tena. Yeye mwenyewe huwatafuta.

Siku hizi hazilingani kwa mbwa wote. Kila kipindi chaweza kuwa cha siku chache tu au kufika wiki mbili na zaidi. Tena, mbwa wengine, hasa mara ya kwanza, hutoka damu kidogo sana na kuilamba yote, hata mwenye nyumba asione kitu. Ukiwa na mashaka, mpanguse kwa kitambaa cheupe kila asubuhi. Alama ya waridi kwenye kitambaa itakueleza.

KUMLINDA SIKU HIZO

Siku ya kwanza ukiona damu, iandike kwenye kalenda ya ukutani, na watu wote wa nyumbani wajue, hata msichana wa kazi na kijana anayefungua lango. Kuanzia hapo mfungie ndani kwa muda wa wiki tatu hadi nne, na usimwachie mpaka uvimbe umekwisha na madume wamemwacha kabisa.

Kumfunga kamba uani hakufai. Dume huruka ukuta, hupenya uzio wa michongoma na kuchimba chini ya lango, na jike aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Chumba au banda lenye mlango wa komeo na paa ndilo salama. Akitoka kujisaidia, atoke na mtu mzima, akiwa ameshikwa kamba. Kumbuka pia kwamba dume aliyezaliwa naye tumbo moja hajui udugu. Akifika miezi sita au saba anaweza kumpanda dada yake. Watengeni.

Wapo wanaompa mbwa vidonge vya uzazi wa mpango au kumchoma sindano ya akina mama ili asipate joto. Tunawasihi wasifanye hivyo. Dawa za namna hii zinaweza kusababisha usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti.

AKISHAPANDWA

Mbwa wakipandana hushikana, na huweza kubaki hivyo dakika chache au hata nusu saa. Ni maumbile yao. Watoto wasiwapige mawe, wala mtu asiwamwagie maji au kuwavuta, kwa maana wote wawili huweza kuumia vibaya. Waacheni watengane wenyewe.

Andika tarehe hiyo pia, kisha endelea kumfungia. Kupandwa mara moja hakumalizi joto, na watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Kama hukutaka azae, nenda kwa daktari wa mifugo mapema, usingoje tumbo likue. Yeye atakueleza kama inafaa kumfanyia upasuaji wa kutoa kizazi au njia nyingine. Usitumie miti shamba wala vidonge ulivyoshauriwa na jirani.

JE, ANA MIMBA?

Mimba ya mbwa ni ya siku 63 hivi, yaani wiki 9. Ukihesabu tangu siku aliyopandwa, anaweza kuzaa kati ya siku ya 57 na ya 72, kwa kuwa mbegu za dume hukaa hai ndani ya jike siku kadhaa zikingoja yai.

Tuchukue mfano. Damu ilionekana tarehe 1 Machi, na mbwa akapandwa tarehe 12 Machi. Tarehe ya kutazamia watoto ni 14 Mei, lakini wanaweza kuja wakati wowote tangu tarehe 8 hadi 23 ya mwezi huo.

Wiki tatu za kwanza hutaona kitu. Kwenye wiki ya nne huenda akakosa hamu ya chakula kwa siku chache, na chuchu zake huanza kukua na kuwa na rangi ya waridi. Tumbo huonekana kuanzia wiki ya tano au ya sita. Kama amebeba mtoto mmoja au wawili tu, huenda lisionekane kabisa. Maziwa huja siku za mwisho.

Kipimo cha mimba cha duka la dawa hakisaidii. Kipimo kile hutafuta homoni ya mimba ya binadamu, ambayo mbwa hana. Msikubali kupoteza fedha zenu. Katika mfano wetu, safari ya kwenda kwa daktari ingefaa kuanzia tarehe 9 Aprili, yaani wiki nne baada ya kupandwa. Daktari mzoefu huweza kupapasa tumbo na kutambua, au kutumia ultrasaundi. Picha ya eksirei huonyesha mifupa ya watoto baada ya siku 45 hivi. Usimpapase mwenyewe kwa nguvu.

MIMBA YA UONGO

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Mbwa ambaye hakupandwa kabisa anaweza kuvimba chuchu, kutoa maziwa, kuchimba kitanda, na kubeba ndala ya mtoto akiilinda kama mwanawe. Hii ni mimba ya uongo. Hutokea kwa sababu homoni za mbwa baada ya joto hufanana, awe na mimba au asiwe nayo. Dalili hizi huja wiki sita hadi nane baada ya joto, yaani karibu na siku zile zile ambazo watoto wangetazamiwa. Ndiyo maana tarehe kwenye kalenda ina maana kuliko macho.

Aghalabu hali hii hupita yenyewe kwa wiki mbili au tatu. Usimkamue wala usimsugue chuchu, kwa kuwa maziwa yatazidi.

DALILI ZA HATARI

Mpelekeni mbwa kwa daktari siku hiyo hiyo mkiona haya:

- Wiki chache baada ya joto anakunywa maji mengi, hali chakula, amelegea, anatapika, au anatokwa usaha wenye harufu mbaya. Huenda kizazi kimejaa usaha. Wakati mwingine usaha haumtoki, tumbo linavimba tu. Ugonjwa huu huua haraka.
- Anasukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, au zaidi ya saa mbili zimepita kati ya mtoto na mtoto, na bado yumo mwingine.
- Majimaji ya kijani yanatoka kabla ya mtoto wa kwanza.
- Siku 72 tangu kupandwa zimepita na hajazaa.

Mbwa mdogo ambaye mwenyewe hajamaliza kukua yumo katika hatari zaidi wakati wa kuzaa. Msimwache peke yake usiku huo.

WATOTO WASIOTAKIWA

Wote tumewahi kuona watoto wa mbwa wametupwa jalalani au sokoni ndani ya boksi. Wengine hufa, na wanaopona huzurura bila chanjo. Hapo ndipo mbwa wa nyumba moja anapokuwa jambo la mtaa mzima. Madume wanaogombea jike huumana, na kichaa cha mbwa huenezwa kwa kuumwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa huu ukome. Kila tumbo la watoto wasio na mwenyewe hupunguza hesabu hiyo. Na wanaoumwa na mbwa mara nyingi ni watoto wetu. Akiumwa mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili, kwa kawaida hakuna kupona.

Kwa familia isiyotaka watoto wa mbwa, njia ya hakika ni kumtoa kizazi kwa upasuaji. Huweza kufanywa akiwa na miezi sita hivi, au miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kwisha. Joto halirudi tena, na hatari ya usaha kwenye kizazi huondoka. Uliza gharama katika ofisi ya mifugo ya wilaya. Pengine majirani kadhaa wanaweza kupanga siku moja na daktari.

WATOTO WAKIULIZA

Mtoto akiuliza, "Mama, mbona Simba anatoka damu?" usimfukuze. Mwambie kwa maneno mepesi kwamba mbwa amekua, na mwili wake unajiandaa kuzaa, na kwamba siku hizi hapaswi kutoka nje. Mtoto aliyeelezwa vizuri ndiye atakayekuwa wa kwanza kukimbia kufunga lango.

Ndugu msomaji, kama una mbwa jike aliyefikisha miezi mitano, tundika kalenda jikoni leo, na umtafute daktari wa mifugo kabla hujamhitaji usiku.